Paa la Lagare

"Papa Ngoga, usiguse hiyo! Balituambia siku ya posho, na leo iko siku ya ine!"

Sauti ya Félicité ilimkuta Onesphore Ngoga juu ya ngazi, vidole vya mkono wa kulia vimekwisha kuingia chini ya kigae cha kwanza. Hakukinyanyua. Alibaki hivyo hivyo, shavu karibu na paa, akisikia ubaridi wa udongo uliochomwa. Upande ule ulitazama mlima, na jua la asubuhi huufikia kwa kuchelewa.

Mama yule alisema kweli. Karatasi iliyobandikwa mlangoni wiki mbili zilizopita ilitaja Jumamosi, na leo ilikuwa Alhamisi. Onesphore mwenyewe ndiye aliyewasomea wakazi wa nyumba ile, maana iliandikwa kwa Kifaransa cha ofisini, kisha akawaahidi kwa kinywa chake kwamba kabla ya Jumamosi hakuna atakayegusa kitu. Sasa chini yake walisimama watu wanane wenye mitaimbo na misumeno. Lori lilikuwa limerudishwa kinyumenyume mpaka kwenye jukwaa la treni. Msimamizi wao, kapita Franck, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye viatu visivyofaa kwa kazi ile, alikuwa akitazama saa.

"Kapita," Onesphore akaita, "mama anasema siku ya posho."

"Patro anasema leo," Franck akajibu bila kuinua uso. "Lori iko ya leo. Minye nifanye namna gani?"

Watu wa Kalundu, mtaa wa bandari, waliiita nyumba ile Lagare, yaani stesheni kwa Kifaransa, kwa neno moja, kana kwamba ni jina la mtu. Treni ya mwisho iliondoka pale kabla Onesphore hajazaliwa. Reli ziling'olewa zikatawanyika mjini. Ukienda Songo utaziona zimeshikilia madirisha na nyua, na kipande kimoja kinaning'inia kanisani, hugongwa kuwaita watu kwenye ibada. Nyumba yenyewe ilibaki, na paa lake jekundu ndilo manahodha wa boti walilolitazama kuijua bandari. Ilikuwa ghala la pamba, ikawa ofisi, ikawa shule, ikawa si kitu. Mwaka mto Mulongwe ulipobeba nyumba za watu, familia nne ziliingia humo na vyombo vilivyopona, na hakuna aliyezitoa. Félicité, mjane, alichukua chumba cha tikiti pamoja na mama mkwe wake. Jukwaa la mawe, refu na kavu, lilimfaa kuanikia ndagala. Samaki wake hawakuwa na mchanga hata chembe, na wanunuzi walilijua hilo hadi Nyakabere.

Sasa mfanyabiashara mmoja, yule patro wa Franck, alikuwa amepata karatasi za kiwanja. Alitaka kujenga ghala la simenti karibu na bandari. Matofali hakuyajali, vigae hakuvijali. Alizitaka boriti, mivule minene iliyokaa juu ya nyumba ile karibu miaka mia bila mdudu kuthubutu kuzionja. Akauliza nani anajua paa lile. Kalundu nzima ilimtajia mtu mmoja.

"Miaka yote hii unalitibu," mke wake Georgette alikuwa amemwuliza asubuhi hiyo akimmiminia chai, "leo uende kuliua?"

"Akienda mwingine ataliua vibaya."

Georgette alimpa mgongo akarudi kufua, na mgongo wa Georgette ulijua kusema.

Onesphore alikuwa na miaka sitini na miwili. Alishuka kutoka milimani akiwa na kumi na saba, ng'ombe wa baba yake wamekwisha kwa ugonjwa, hajui kazi hata moja ya mjini. Usiku alilala kwenye benchi la ukumbi wa kusubiria treni, treni ambayo haikuwepo. Asubuhi moja fundi mfupi aliyeitwa Nkeshimana alimwamsha kwa ncha ya kiatu, akamwambia amshikie ngazi. Tangu siku ile hakuiachia. Nkeshimana alipokufa, paa likawa la Onesphore. Kila baada ya mvua za masika alipanda, akabadilisha vigae vilivyopasuka, akakaza vilivyolegea, mara kwa ujira, mara bila ujira, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Kwa hiyo alijua jambo ambalo wale wanane hawakulijua.

Alishuka ngazi. "Kapita, njoo nikuonyeshe kitu."

"Unionyeshe nini? Panda, Papa, saa zinaenda."

"Ukuta wa upande wa ziwa."

Ziwa lilikuwa limepanda tena mwaka ule. Wavuvi walifunga mitumbwi yao kwenye miti ambayo zamani watoto waliikalia kivulini wakitoka shule. Nyuma ya Lagare, palipokuwa na pwani ya kutembea hatua arobaini, maji sasa yalilamba matofali. Ufa ulikuwa umepanda kutoka msingini hadi chini ya paa, na mwezi uliopita Onesphore aliweza kuingiza kidole. Jana aliingiza ngumi.

"Ule ukuta haukai chini tena," akasema. "Umening'inia. Boriti ndizo zinazoushika, kama mtu aliyeshikwa shati asidondoke. Tukizikata kabla ya kuuegemeza, unaenda. Na ukienda, dari la chumba cha tikiti linaenda pamoja nao, maana lile dari limekaa juu ya vyuma viwili vya reli, na ncha za vile vyuma ziko ndani ya ukuta huo huo. Tutoe kwanza vigae, huku na huku, uzito upungue sawasawa. Halafu tuegemeze. Halafu boriti."

"Hiyo ni siku ngapi?"

"Mbili. Mpaka siku ya posho."

Franck alimtazama kwa muda. Kisha akamtazama Félicité, aliyekuwa akikusanya ndagala haraka haraka kutoka kwenye jukwaa, na wanawake wengine watatu waliokuwa wakitoa magodoro.

"Papa, weye unafanya hii juu ya hawa bamama. Niko naona."

Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli, na nusu hiyo ilimchoma Onesphore. Ni kweli alitaka wapate siku zao mbili. Lakini ufa nao ulikuwa kweli, na sasa kweli moja ilikuwa imeiharibu nyingine.

"Kuna muntu ndani," Félicité akasema akija na beseni kiunoni. "Mama mukwe wangu. Kiuno kilivunjika mu mvua za mwaka jana. Watu wa kanisa watakuja na machela siku ya posho. Nilikwambia tangu asubuhi, kapita. Nilikwambia mara mbili."

"Watu wawili waingie wamubebe," Franck akasema.

Wawili wakaingia. Yowe lililotoka ndani lilinyamazisha hata wapakuaji mizigo waliokuwa mbali kule gatini. Wale wawili wakatoka mikono mitupu. Mmoja, Claude, jitu la mtu lenye msumeno begani, alikuwa na jasho usoni ingawa hakuwa ameanza kazi.

"Hatuwezi, kapita. Ule mufupa unatembea ndani."

Franck alipangusa paji la uso. Simu yake iliita, akaitazama bila kuipokea, ikanyamaza, ikaita tena. Hapo Onesphore alimwona alivyo: yeye pia ni mtu aliyeshikwa, na mwenye kumshika yuko mbali na hana haja ya kuona.

"Basi yeye akae kwanza," Franck akasema hatimaye. "Tunaanzia upande wa pili, kule kwenye ghala ya pamba. Papa, panda ufungue vigae vya kule. Kule hakuna muntu. Haya, kazi!"

Lilikuwa jambo la kukubalika, na Onesphore akalikubali. Alipanda upande wa ghala akaanza. Kazi ya kuvua paa huanzia juu: unatoa vigae vya mgongoni kwanza, unateremka mstari kwa mstari, kila kigae unakisukuma juu kidogo ili ulimi wake uachie mbao, ndipo unakivuta. Ukikilazimisha kinavunjika, na kinavunja na cha jirani. Alimpa mtu wa ngazini, naye akampa wa chini. Kwa nusu saa palikuwa na utulivu wa kazi, kigae, mkono, kigae, mkono.

Katika mstari wa tatu alikutana na kigae kilichogeuzwa. Kilikuwa chake. Alikiweka akiwa na miaka kumi na saba, siku ya kwanza, tumbo juu, na Nkeshimana alikiona akacheka, akakataa kirekebishwe. "Kibaki," alisema, "kila ukipanda kikusalimie." Onesphore alikishika mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakipitisha kama vingine.

Ndipo aliposikia msumeno.

Haukuwa upande wa ghala. Ulitoka upande wa pili, karibu na chumba cha tikiti, na haukuwa ukikata ubao. Fundi huisikia mbao kwa sikio: ubao hulia, boriti hunguruma. Lori lilikuwa limesimama kule. Mtu alikuwa ameamua kuanza na boriti iliyo karibu na lori.

Hakupiga kelele. Alitembea juu ya mgongo wa paa, mikono imetanuliwa, kwa mwendo ambao hajawahi kuutumia tangu ujana. Chini wanawake wakamwona wakashika vinywa. Alipofika juu ya ile ngurumo alipiga magoti, akang'oa kigae, cha pili, cha tano, bila kujali vinavyovunjika, mpaka shimo likatosha mabega. Akajiteremsha humo, miguu kwanza, akaikalia boriti kama mtu aliyepanda punda.

Claude alikuwa mbele yake, juu ya ngazi ya ndani, msumeno mkononi. Vumbi jekundu la mvule lilikuwa limempaka nyusi.

"Mwanangu," Onesphore akasema, "toa msumeno. Polepole. Usiutikise."

Claude akautoa. Meno yalikuwa yameingia theluthi ya boriti. "Kapita ndiye alisema."

"Najua."

"Alisema tukate moja tu, lori lipate kupakia."

"Najua, mwanangu. Shuka."

Claude akashuka. Onesphore akabaki. Chini yake, nyuma ya ukuta mwembamba wa chumba cha tikiti, alimsikia mzee Mukarusanga, mama mkwe wa Félicité, akikohoa na kuuliza nani anatembea darini kama paka.

Franck aliingia ukumbini akifoka. "Papa, shuka hapo!"

"Sishuki."

"Nitakukatia na weye hapo hapo!"

"Kata. Lakini upande kwanza."

Wale watu walikuwa wameingia nyuma ya kapita wao, wakisimama mlangoni. Wanawake nao. Franck aliwaona wote wakimtazama. Alimnyang'anya Claude msumeno akapanda ngazi, na kila alipopanda kipandio kimoja uso wake ulizidi kuwa wa mtoto aliyekasirika. Alipofika juu walikuwa wanatazamana, magoti kwa kifua.

"Unanivunjia kazi," Franck akasema kwa sauti ya chini, ambayo wa chini hawakuisikia. "Nikirudi bila mbao leo, kesho minye siko na kazi. Niko na watoto, Papa. Unafikiri minye niko munyama ya pori?"

"Hapana," Onesphore akasema. "Tazama hapa."

Akachukua kipande cha kigae kilichovunjika, akakipeleka mahali boriti inapoingia ukutani. Ufa ulikuwa pale, mpana kuliko jana. Akakiachia kile kipande. Wote wawili wakasikiliza kikigonga tofali, kikigonga tofali tena, kisha: chubwi.

Franck aliinama akachungulia. Mwanga ulikuwa unatoka chini. Pale ambapo palipaswa kuwa na udongo na msingi, aliona maji ya kijani yakienda na kurudi, na jua ndani yake.

Wimbi dogo likaja, la boti fulani lililopita mbali. Boriti aliyoikalia Onesphore ikatoa sauti fupi, kama goti la mzee. Vumbi la chokaa likawamwagikia mikononi.

"Yesu wangu," Franck akasema.

"Sasa imekatwa theluthi," Onesphore akasema. "Sijui itashika muda gani. Yule mama lazima atoke sasa hivi, si siku ya posho. Una mnyororo mu lori?"

"Iko. Wa kuvutia."

"Mwambie dereva ageuze, uso wa lori utazame mlango. Na wang'oe mlango wa ghala, ndio mpana, uwe machela."

Wakashuka. Kuanzia hapo Franck hakuuliza tena saa. Alikuwa mtu wa kupaza sauti, na sauti yake sasa ilipata kazi ya kufanya. Dereva, kijana anayeitwa Junior, aligeuza lori hadi pua yake ikaingia karibu ndani ya mlango wa ukumbi. Watu wawili wakaubandua mlango wa ghala kutoka kwenye bawaba. Wakaukokota mnyororo kupitia ukumbi wote mpaka madirisha mawili ya upande wa ziwa, yale yaliyopakana na chumba cha tikiti.

Lakini mnyororo peke yake ungekata matofali kama uzi ukatavyo sabuni. Ilibidi ubao mnene ukae kwa nje, umelala juu ya madirisha yote mawili, ndipo mnyororo ulizunguke. Na kwa nje palikuwa na ziwa, na juu ya ziwa ukuta ulioinama.

Onesphore alivua viatu.

"Papa, hapana," Félicité akasema.

Akapita pembeni mwa nyumba, akaingia majini akisukuma mbele yake ubao mnene unaoelea. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Chini ya nyayo hakusikia mchanga. Alisikia matofali yaliyolala, ya msingi. Aliinua macho mara moja tu. Ukuta ulikuwa juu yake, mwekundu, mpana, na mstari wa paa haukulingana na mstari wa mbingu. Hakutazama tena. Alijaribu kuuinua ubao, mikono ikakataa. Akajaribu tena. Ndipo uzito ukapungua ghafla, na alipogeuka alimwona Claude nyuma yake, maji yamemfika tumboni tu, akiinua ule ubao kama mtu ainuaye fimbo.

"Nani alikwambia uje?"

"Hakuna," Claude akasema, meno yakigongana. "Weka haraka, Papa. Minye sijui kuogelea."

Mikono ya ndani ikatokeza dirishani, ikapokea mnyororo, ikauzungusha. Walipokuwa wakitoka majini walisikia Franck akipiga kelele, "Vuta! Polepole! Polepole nimesema!" na lori likanguruma, mnyororo ukanyooka hewani, ukawa mgumu kama chuma cha reli. Kule juu kitu kilipasuka. Kila mtu akaganda. Ukuta haukwenda.

"Junior," Onesphore akaita, maji yakimchuruzika, "usitoe mguu hapo."

"Siutoi, Papa. Hata nikiumwa na nyoka."

Wakaingia wanne na mlango. Onesphore akaingia nao, na Félicité mbele yao. Chumba cha tikiti kilikuwa kidogo, chenye harufu ya ndagala na mafuta ya mchikichi. Tundu la kuuzia tikiti lilikuwa limezibwa kwa kitenge. Mzee Mukarusanga alilala macho wazi, akitazama dari lililokuwa likimdondoshea chokaa kifuani.

"Ngoga," akasema, "mbona umelowa?"

"Nimetoka ziwani, Mama. Tutakubeba. Itauma."

"Inauma tangu mwaka jana. Mutanibeba kwenda wapi?"

"Nje kwanza."

Mukarusanga akafikiri, kana kwamba walikuwa na siku nzima. Juu, mojawapo ya vile vyuma viwili vya reli ilikwaruza tofali, sauti ndogo, kama panya. Onesphore aliona macho ya watu wanne yakienda darini yote kwa pamoja.

"Basi munibebe sawasawa," Mukarusanga akasema. "Minye siko mufuko wa simenti."

Wakamtelezesha juu ya mlango na shuka yake, Félicité akishika kiuno kwa mikono miwili, akimwambia maneno ya Kifuliiru kwa sauti ya kubembeleza. Hakupiga yowe safari hii. Aliuma kitenge. Wakampitisha mlangoni kimshazari, wakainama naye chini ya mnyororo ule uliotetemeka, wakauvuka ukumbi hatua kwa hatua, na Franck alikuwa mmoja wa wale wanne, kona ya nyuma kushoto, viatu vyake vyembamba vikiteleza kwenye vumbi. Walipofika juani wakamweka chini, juu ya jukwaa. Claude alikaa chini akaanza kucheka peke yake, kisha akaacha.

Ilikuwa bado saa nne ya asubuhi.

Franck alisimama akitazama lori lake. Polepole aliielewa hali yake. Lori lililokuja kubeba boriti sasa ndilo lililoushika ukuta. Likiondoka, ukuta unaenda na boriti zinavunjika chini yake. Likibaki, haliwezi kubeba kitu.

"Papa Ngoga," akasema, "tunafanya namna gani?"

"Kama nilivyokwambia. Vigae kwanza, huku na huku. Halafu boriti, kuanzia ghala, kuja huku. Ile iliyokatwa iwe ya mwisho. Tukiwa wengi, tutamaliza leo."

"Wengi wapi?"

Onesphore akageuka. Félicité alikuwa amekwisha kufunga kitenge chake upya kiunoni. "Vile vigae vinaenda wapi?" akamwuliza Franck.

"Tuili? Patro hana haja na tuili. Tutazitupa."

"Basi hazitupwi. Sisi tutazipokea."

Hivyo ndivyo paa la Lagare lilivyoshuka. Onesphore na watu watatu juu, wakitembea juu ya mbao zile tu alizowaonyesha. Kisha mstari wa mikono, wa wanaume ngazini na wa wanawake chini, mpaka mwisho wa jukwaa, ambako vigae vilisimamishwa wima, vikiegemeana. Wapakuaji wa gatini wakaja kutazama. Wengine wakaingia kwenye mstari bila kuombwa. Junior alikaa ndani ya lori saa zote hizo, mguu juu ya breki, akiletewa viazi na maji. Hapakuwa na nyimbo. Kila mtu alikuwa na sikio moja kwa ukuta. Mara tatu Onesphore aliinua mkono, na mara tatu kazi ikasimama, wakasikiliza, wakaendelea.

Jua lilipokuwa utosini mbao za paa zilikuwa wazi, na mbingu ikaonekana mahali ambapo kwa karibu miaka mia haikuwahi kuonekana. Ukumbi wa kusubiria ulijaa mwanga. Rangi zilitokeza ukutani, samawati chini, nyeupe juu, na maandishi ya mkono wa mwalimu fulani: hesabu za kuzidisha za wanafunzi ambao sasa ni mababu.

Boriti zikashuka moja moja kwa kamba. Ilipobaki ile ya mwisho, yenye jeraha, Franck alimletea Onesphore msumeno, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa. Onesphore alipanda peke yake. Aliwataka wote watoke.

Aliiwekea mkono kwanza. Ilikuwa na joto. Akaanza kukata pale pale alipoanzia Claude, kwa mapigo marefu, yasiyo na haraka. Karibu na mwisho akafunga kamba, akamaliza, akaiteremsha, akashuka mwenyewe, akatoka nje ya mlango chini ya mnyororo.

"Junior," akasema, "achia."

Lori likalegea. Mnyororo ukalala sakafuni. Ukuta ulisimama peke yake kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Kisha ukaenda, mzima mzima, bila kukunjika, ukalala ziwani kwa kishindo kilichowarusha ndege kule bandarini. Dari la chumba cha tikiti likafuata, reli zake mbili zikaingia kitandani mwa Mukarusanga kwa ncha. Vumbi likainuka, likakaa hewani, likaelekea majini. Lilipotulia, waliokuwa kwenye jukwaa waliweza kuliona ziwa kupitia mahali nyumba ilipokuwa, mpaka milima ya Burundi.

Georgette alikuwa amekuja. Onesphore hakujua tangu lini. Alisimama kando yake na shati kavu mkononi. Safari hii hakumpa mgongo.

Boriti zikapakiwa. Watu wa kanisa la Songo walifika na kigari cha kusukuma, wakamweka Mukarusanga juu yake na mlango wake, akiwaelekeza njia isiyo na mashimo. Familia zile nne zingelala darasani kanisani, mpaka ijulikane. Félicité alisema atakuja baadaye. Alikuwa na ndagala wa kugeuza.

Franck alipanda lorini, akafungua mlango tena, akashuka.

"Lundi, siku ya kwanza ya juma, tunaanza kupandisha ghala," akasema. "Kutakuwa na paa ya mabati. Nitamwambia patro juu yako."

Onesphore alikuwa akifunga vifungo vya shati. Alifika cha juu, akakuta hakuna tundu lake, akaanza tena kutoka chini. Franck alingoja kidogo, kisha akaondoka.

Uvira hupoteza jua mapema. Milima ya nyuma ya mji hulimeza mchana ungali na nguvu, na kivuli hushuka mitaani, huvuka barabara, huingia ziwani, huku ng'ambo Burundi bado inang'aa. Kivuli kilikuwa kimelifikia jukwaa wakati boti la kutoka mji wa Baraka lilipotokea kusini, limejaa watu na mihogo na magodoro yaliyofungwa. Lilikuja kwa mwendo wake wa kila siku, likilenga bandari. Kisha likapunguza mwendo. Pua yake ikaenda kushoto, ikarudi kulia. Likasimama majini, mbali, injini ikiunguruma pole, na mtu mmoja mwembamba akatoka kwenye kibanda cha usukani akasimama mbele kabisa, mkono juu ya macho, akiutazama ufuo.

Wakaisikia honi. Kimya. Ikalia tena, ndefu zaidi.

Kwenye jukwaa, kati ya vigae, watu walitazamana. Hakuna aliyejua namna ya kuijibu.